Kona Iliyokataa Kukaza

Jumanne, tarehe 18 Novemba 2014, saa nne na robo asubuhi, Nurija alimwaga sufuria ya maji ya moto ardhini bila kutaja jina la Mungu. Tangu saa ile mambo yake hayakurudi yalivyokuwa.

Alikuwa fundi wa zege, Mbosnia wa Waterloo, Iowa, kule Marekani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewamwagia watu wengine misingi ya nyumba zao. Msingi huu ulikuwa wake. Mkewe, Zumra, alikuwa na moyo uliochoka, na walikuwa wamepanga ghorofa ya tatu, ngazi thelathini na moja. Daktari alisema ngazi zile zitammaliza. Nurija akamwahidi nyumba ya chini, isiyo na ngazi hata moja, kabla ya majira ya joto. Ili ahadi itimie, msingi ulipaswa kumwagwa kabla ardhi haijaganda yote.

Asubuhi ile upepo ulikuwa umefunua blanketi la kukinga baridi, na kona ya kaskazini ya mtaro wa msingi ilikuwa imeganda. Zege halimwagwi juu ya ardhi iliyoganda. Lori lilikuwa limeshafika, pipa lake linazunguka, dereva anatazama saa. Nurija akachemsha maji kwenye sufuria kubwa ya Zumra.

Kwao, hata mtoto asiyejua kufunga viatu anajua hili: humwagi maji ya moto kabla hujasema Bismillahi, ili wale wasioonekana wapishe. Nurija hakusahau. Ila mdomo wake ulikuwa umejaa matusi, na Bismillahi haikupata nafasi.

Mvuke ukapanda. Ndani yake kikasikika kilio chembamba, kama cha mwanakondoo, kikakatika.

"Umesikia?" akauliza Hamdo, mdogo wake Zumra, sepetu mkononi.

"Barafu inapasuka."

"Shemeji, ulisema Bismillahi?"

"Nilisema kitu kingine. Haya, tumwage."

"Namwaga. Lakini jini likitoka humo, nitalielekeza kwako. Nitaliambia, ni yule mwenye kipara."

Kesho yake kona tatu zilikuwa ngumu kama chuma. Walipofunua blanketi la kona ya kaskazini, harufu ya nywele zilizoungua iliwapiga usoni. Hamdo akachoma mtaimbo, ukazama mpaka kwenye vidole vyake. Zege lilikuwa laini, na lilikuwa la moto.

"Lori moja, zege moja!" Nurija akafoka. "Kona tatu zimeshika, hii ina nini?"

Akampigia dereva simu, akamgombeza bure. Akachimbua kona kwa mikono yake, nondo zikitoka na joto kama mifupa ya supu. Wakamwaga mara ya pili. Halikushika. Mara ya tatu akatia dawa ya kuharakisha. Halikushika. Mara ya nne akabadilisha mchanga, akabadilisha kokoto, akabadilisha hata koti alilovaa, akijicheka kwa hasira. Wiki mbili zikapita hivyo. Theluji ilikuwa inaanguka kila mahali isipokuwa pale. Pale iliyeyuka kabla ya kugusa chini.

Siku moja adhuhuri Zumra alikuja na kahawa. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ukingoni mwa shimo, apumue. Akainua kichwa.

"Nani anaimba?"

Hamdo akatazama viatu vyake. Alikuwa ameisikia sauti ile siku tatu na hakutaka kuwa wa kwanza kusema. Ilitoka chini ya blanketi: sauti ya mwanamke anayembembeleza mtoto kwa mguno, anafika katikati ya wimbo, anakatika, anaanza upya.

"Huyu amefiwa na mtoto," Zumra akasema polepole. "Baba Ajla, ulifanya nini hapa?"

Jina hilo hakuwa ameitwa kwa miaka ishirini na mmoja. Ajla wao alifia vitani kule Bosnia, ana miaka minne, wakamzika kwenye theluji nyuma ya nyumba bila jiwe la kichwani. Nurija akamweleza mkewe habari ya maji ya moto. Zumra akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi nilivyolia mimi kule," akasema, "ndivyo anavyolia huyu."

Akamwita imamu wao, Efendi Sead. Alikuja Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri, akasoma, akafunga msahafu.

"Mfukuze, Efendi," Nurija akasema kwa sauti ya chini.

"Nimfukuze aende wapi? Siwezi kumfukuza mama kwenye kaburi la mwanawe. Muombe msamaha kwa mdomo wako. Halafu sogeza nyumba hatua kumi."

"Hatua kumi! Ramani mpya, kibali kipya, nichimbe upya kwenye barafu? Hayo ni mpaka mwakani! Mke wangu hana mwakani, Efendi!"

"Najua, ndugu yangu."

"Niliombe msamaha shimo?"

"Omba, Nurija," Zumra akasema. "Mimi ngazi nitazipanda tu."

"Hutazipanda!"

Hakuomba. Jumatano, tarehe 10 Desemba, akaita lori mara ya tano. Hamdo akaweka sepetu chini. "Nichukie, shemeji. Leo simwagi." Akaondoka.

Saa sita mchana, lori limekwenda zake, Nurija akatandika blanketi juu ya kona, akaegemea kwa viganja ili upepo usilifunue. Jua lilikuwa wazi. Wimbo ulikuwa unaendelea chini ya mikono yake, kisha ukakatika na haukuanza tena, na katika ukimya ule akasikia hatua, hatua za mtu mzito apandaye ngazi, moja, akipumzika, nyingine, akipumzika, zikitoka ndani ya zege bichi mahali ambapo hapakuwa na ngazi wala hapangekuwa nazo kamwe, naye akajikuta anazihesabu kwa midomo bila kutaka, kumi, kumi na tano, ishirini, harufu ya nywele zilizoungua ikimjaa kooni, akataka kuinua mikono na mikono ikakataa, ishirini na nne, ishirini na tano, ishirini na sita.

Hatua zikakoma.

Kisha simu yake ikalia.

Zumra alikutwa kwenye ngazi ya ishirini na sita, mfuko wa vitunguu bado uko mkononi.

Walimzika kesho yake. Kutoka makaburini Nurija hakwenda nyumbani. Alishuka shimoni na viatu vyake vya mazishi, akapiga magoti konani.

"Nisamehe," akasema. "Nilimwaga kwa hasira. Nisamehe, mama."

Akafunua blanketi. Zege lilikuwa limekaza, baridi kama zege lolote. Akaweka sikio. Chini kabisa kulikuwa na wimbo, na sasa sauti zilikuwa mbili. Ya pili aliijua. Ilikuwa inaimba wimbo ambao Zumra aliutunga mwenyewe kumlazia Ajla, na ilipofika pale ambapo ile nyingine hukatika, haikukatika. Iliishika ile ya mwenzake, zikaenda pamoja mpaka mwisho.

Nyumba haikujengwa. Msingi upo mpaka leo, nyasi zimeuzunguka. Kila tarehe 18 Novemba Nurija hukaa ukingoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, husema Bismillahi, kisha huinua mikono.

Ewe Mola, mrehemu Zumra binti Salih, na umpumzishe mahali pasipo ngazi. Mrehemu Ajla, aliyelala bila jiwe. Mrehemu na yule mdogo wa kona ya kaskazini, ambaye jina lake unalijua wewe na mama yake, na umsamehe aliyemwaga. Amina.