Jina Kwenye Kompyuta ya Modesta

Diski ya tano ilitoka kwenye kompyuta ikiwa imelowa. Modesta aliifuta kwa upindo wa kanga, akatazama dari, akaona pakavu. Ilikuwa alasiri ya jua kali, Igoma, mwaka 1997. Tangu asubuhi alikuwa akiingiza, diski baada ya diski, zana za kuandikia programu. Shirika alilofanyia kazi lilipobinafsishwa alipunguzwa kazini. Sasa zahanati moja ilikuwa imemwahidi ajira, mradi awatengenezee programu ya kutunza majina ya wagonjwa. Kompyuta yenyewe aliinunua kwenye mnada wa ofisi ya pamba iliyofungwa.

Kwenye diski ya nane, mashine ikamuuliza jina la mwenyewe. Akaandika Modesta. Kwenye skrini likatokea Ndalahwa. Akafuta, akaandika upya. Likarudi lile lile. Chumba kikaanza kunuka magugumaji yaliyooza.

Akamwita dada yake, Getruda, aliyewahi kufagia ofisi ile ya pamba. Getruda alisoma lile jina, akasogea mbali na meza. Ndalahwa, alieleza kwa sauti ya chini, ndiye karani wa Kisukuma aliyeitumia kompyuta hiyo. Mtumbwi wake ulipinduka akivuka ziwa kwenda Sengerema, na mwili haukuonekana.

"Izime, Modesta."

"Zimebaki diski mbili tu, dada."

Akazimaliza. Akaielekeza kompyuta mahali zana zilipo, kisha akaandika programu fupi ya kujaribia, ambayo ilipaswa kutoa neno moja tu: Salamu.

Skrini ikaandika: Nimefika.

Modesta akachomoa waya ukutani, lakini skrini haikuzimika, na chini ya meza wakasikia maji yakipiga kama yapigavyo ubavuni mwa mtumbwi, na vitufe vikaanza kubonyea kimoja kimoja bila kidole, taratibu, kama mtu anayetafuta herufi gizani, huku ile harufu ikizidi kupanda mpaka Getruda akatoka mbio kumfuata Shehe Jumbe, jirani yao.

Shehe aliitikia shikamoo zao bila kuondoa macho kwenye mashine. Alisema ni jini la maji, limemchukua marehemu pamoja na jina lake. Akafukiza ubani, akasoma muda mrefu, jasho likimtiririka, hadi maji meusi yakamwagika kutoka kwenye kibodi, yakapita mlangoni, yakaishia mchangani. Skrini ikazimika. Harufu ikakatika.

Getruda akamshika mdogo wake mkono, akamuuliza anajisikiaje.

Modesta alijibu kwa utulivu, kwa Kisukuma kizito cha watu wazima. Wao walikuwa Wahaya. Nyumbani mwao hapakuwa na aliyejua lugha hiyo zaidi ya salamu.

"Anasema nini, shehe?"

Shehe Jumbe, aliyeishi na Wasukuma miaka arobaini, alishusha tasbihi yake polepole.

"Anashukuru," alisema. "Anasema mle ndani ya mashine kulikuwa na baridi."