Picha Asiyoitazama Fundi

Huyu ninayewasimulia ni mtoto wa mjomba wangu, damu yangu kabisa, kwa hiyo asije mtu akaniambia bibi umeota. Alikuwa fundi wa kushona, na sisi sote tulimwita Fundi. Mwanamke mpole, kicheko chake hakiko mbali, na mikono yake haikujua kukaa bure hata msibani.

Chumba chake cha mbele kilikuwa mahali pa kazi na sebule kwa pamoja. Cherehani dirishani, vipande vya vitambaa sakafuni, televisheni imefunikwa kitambaa alichotarizi mwenyewe. Jumamosi, watu wakishakula mchana na vyombo vikishaoshwa, pale ndipo lilipokaa baraza lao la picha. Baraza nasema, kwa sababu lilikuwa na sheria kali kuliko mahakama.

Walikuwa wanne. Fundi mwenyewe. Kinyozi wa nyumba ya pili, ambaye kwake picha isiyo na ngumi ni hotuba. Bibi Sindano, nesi aliyestaafu, ambaye hulia hata kwa tangazo la sabuni. Na Da' Mkanda, mwenye kibanda cha kuazimisha picha tangu zile enzi za mikanda, siku hizi anazitia kwenye flashi. Huyu Da' Mkanda na Fundi walikuwa chanda na pete. Walicheza vumbi moja, wakaolewa msimu mmoja, wakaachika msimu mmoja, mmoja akijikwaa mwingine ndiye husema ah. Ila Da' Mkanda hakujaliwa mtoto. Fundi alijaliwa mmoja, binti, akamwita Kijino kwa sababu jino lake la kwanza lilitoka mapema na peke yake. Homa ikamchukua ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushika ukuta.

Basi, desturi yao ilikuwa hivi. Da' Mkanda huchagua picha moja ya wiki. Flashi huzunguka nyumba kwa nyumba, kila mtu akatazama kwake, Jumamosi wakaja kutoa maoni. Sheria ya kwanza: usimmalizie mtu picha ambayo hajaitazama. Sheria ya pili: mwisho wa mazungumzo kila mmoja atoe hukumu kwa mdomo wake, nani mwenye haki na nani mkosaji. Hakuna kusema sijui.

Wiki hiyo Fundi hakutazama. Alikuwa amezama katika sare za shule, na Da' Mkanda mwenyewe ndiye aliyemwambia, “Wewe shona, shoga yangu. Hii usijisumbue nayo.” Flashi ikapita mlangoni kwake, ikaenda zake.

Jumamosi ikafika, jua kali, mtaa umetulia. Fundi anapindia sketi, pini mdomoni.

“Mimi nitasema ukweli,” akaanza Kinyozi. “Picha nzima haina hata kofi. Steringi amekaa, anashona. Nasubiri adui, adui haji. Nikasinzia. Naamka, bado anashona!”

“Wewe usipoona damu unadhani televisheni imeharibika,” Bibi Sindano akamjibu.

“Na uso hawamwonyeshi! Mgongo tu. Nimelipia mgongo?”

“Umelipia nini wewe, flashi unaazimwa bure.”

Wakacheka wote. Fundi akacheka kwa pua, asije akameza pini. Kisha Bibi Sindano akashusha sauti.

“Mimi ni yule mtoto tu. Hapepesi macho. Nimekaa wodini umri wangu wote, jamani. Macho ya mtoto mzima nayajua.”

“Mtoto gani?” akauliza Fundi.

“Usimmalizie!” Da' Mkanda akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. “Sheria ni sheria.”

Fundi akamwangalia shoga yake. Siku hizo alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa, kucheka kumerudi. Alimpitishia kikombe cha chai, na mikono yake ilinukia sabuni ya watoto. Fundi akafikiri, labda amebadili mafuta.

“Haya, hukumu,” akasema Da' Mkanda. Hakuwa na desturi ya kuharakisha. “Wamama wawili, mtoto mmoja. Nani mwenye haki?”

“Wa pili,” akasema Kinyozi. “Wa kwanza hata hainui kichwa.”

Bibi Sindano akasitasita, akakuna goti. “Kwa ile picha ilivyo... haya, wa pili. Ingawa moyo wangu haukai.”

“Na wewe, shoga?”

“Mimi sijaitazama, mwenzangu.”

“Hakuna kusema sijui. Nakupa kisa bila kukumalizia. Mama mmoja anaye mtoto ila hamwoni, yupo na kazi zake. Mwingine anamwona kila siku, anamlisha, anamwogesha, anamlaza. Mtoto ni wa nani?”

Fundi akatema pini kiganjani, akatabasamu. Alimwamini huyu mtu kuliko mkono wake wa kulia.

“Si wa huyo anayemwogesha? Mtoto hajui aliyemzaa, anajua aliyemshika.”

Da' Mkanda akafumba macho kama mtu aliyetiwa asali ulimini.

“Umesema mwenyewe,” akanong'ona. “Mbele ya watu.”

Akainuka, akachomoa flashi mfukoni mwa Kinyozi bila hata kumwomba, akajifunga mtandio. Bibi Sindano akamwuliza mbona mapema hivyo, chai hata hajaionja.

“Nina mtu nyumbani,” akasema.

Akaenda. Watatu wale wakabaki wanatazamana. Da' Mkanda aliishi peke yake tangu aachike.

“Lakini Fundi,” Kinyozi akasema, “yule mwigizaji kakuiga kweli kweli. Anakata uzi kwa meno, hivi, upande wa kushoto. Nikamwambia mke wangu, huyu si Fundi huyu?”

“Anashona nini?” Fundi akauliza.

“Ah, sheria...”

“Ameshaondoka. Anashona nini?”

“Gauni la mtoto. Kila mwaka moja. Mtoto alikufa mdogo, sasa mama anakisia angekuwa kimo gani mwaka huu, anamshonea. Halafu analificha kwenye sanduku la bati mvunguni mwa kitanda. Mambo ya picha bwana, nani anaweza—”

Pini zikamwanguka Fundi. Zikalia sakafuni, moja moja.

Jambo lile hakumwambia mama yake mzazi. Hakumwambia aliyekuwa mumewe. Alimwambia mtu mmoja tu, siku moja ya mvua, wamekumbatiana wanalia, na mtu yule aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba litafia kifuani.

Kwanza ilimchoma aibu. Akadhani ni umbea wa kawaida: shoga kamsengenya, watu wa picha wakasikia, wakatengeneza kisa. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, na machozi yakaanza kumtoka. Akaingia chumbani, akapiga magoti, akavuta sanduku.

Likaja jepesi.

Magauni yalikuwemo. Yamekunjwa. Lakini si mkunjo wake. Akalitoa lile dogo la kwanza, la maua, ambalo halijawahi kuguswa na mwili wa mtu. Kola ilikuwa na uchafu wa shingo. Akatoa la mwaka uliofuata. Pindo limefubaa magotini, kama la mtoto achezaye sakafuni. La mwaka uliofuata lilikuwa na chembe za biskuti mfukoni. Moja baada ya moja akayatoa, na yote yalikuwa yamevaliwa, yamefuliwa, yamevaliwa tena. Moja lilikuwa limetatuka kwapani, likashonwa na mkono wa mtu asiyejua kushona.

Kuna aliyekuwa akikua ndani yake.

Gauni la mwaka huu, la buluu, halikuwemo.

Alirudi mbele amelikumbatia lile la maua. “Nimalizieni,” akasema.

“Fundi, sheria—”

“Nyamaza wewe!” Bibi Sindano akamkemea Kinyozi. Uso wake ulikuwa umepauka kama jivu. Alikuwa ameshaelewa. “Mwanangu, kaa chini.”

“Sikai.”

“Huyo wa pili analeta mtu, kizee hivi, simwoni vizuri. Kizee anamwambia: mtoto atakuja kwa nguo zake, lakini hawezi kukaa mpaka watu wahukumu kuwa ni wako. Na mama yake mwenyewe awe mmoja wao.” Bibi Sindano akajifuta midomo. “Mwishoni mama wa kweli anakwenda kubisha hodi. Mtoto anafungua. Anamtazama. Anasema, simjui. Basi, akishasema hivyo, yule mama naye anasahau. Anarudi kushona. Picha inaisha.”

“Na uso wa huyo wa pili? Mliuona?”

Wakainamisha vichwa.

“Tulidhani ameigiza,” Kinyozi akanong'ona. “Tulidhani anatufanyia mzaha, atatuambia leo. Tukaona tusikuharibie utamu.”

Hapo ndipo moyo wa Fundi ulipokatika kipande cha pili. Waliona. Wakanyamaza kwa ajili ya utamu.

“Usiende,” Bibi Sindano akamshika kanga. “Usipokwenda, hatasema. Asiposema, hutasahau. Angalau utabaki naye moyoni.”

Niambieni nyinyi wenye watoto. Mwanao yuko nyumba ya tatu, amevaa gauni ulilomshonea kwa mkono wako, na wewe ukae na chai?

Alikwenda.

Nyumba ya Da' Mkanda ilikuwa nyuma ya kibanda. Kibanda kimefungwa. Jua liko juu, watu wanapita, mtu anapiga nyundo mahali fulani. Fundi akabisha.

“Hodi.”

Zikasikika ndala ndogo, zinaburuzwa.

“Shoga, rudi,” ikasema sauti ya Da' Mkanda nyuma ya mlango, taratibu, kwa upendo uleule wa siku zote. “Nakuomba. Usinifanye nimwite aje kufungua.”

“Ulikula kiapo kwangu.”

“Nilikula. Na kila mwaka ukanionyesha gauni jipya, na kila mwaka nikarudi kwenye nyumba tupu. Wewe ulikuwa unamshonea tu. Mimi nimemvalisha.”

“Ni mwanangu.”

“Umesema mwenyewe ni wa nani.”

Kitasa kikageuka. Kilikuwa kinageuzwa na mkono wa chini, wa mtu asiyekifikia vizuri.

Alikuwa amesimama kizingitini. Gauni la buluu limemkaa sawasawa, mabega, kiuno, pindo, kama aliyepimwa. Nywele zimesukwa vizuri. Paji la uso la babu yake. Macho hayakupepesa.

“Kijino,” akasema Fundi. Akapiga magoti pale vumbini, akamnyooshea lile gauni dogo la maua. “Kijino wangu. Ulisimama kwa kushika ukuta. Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nakuita uje.”

Mtoto akalitazama gauni. Akalitazama muda mrefu. Mkono wake ukainuka kidogo, na Fundi akaona vidole vyake vilivyo, vyembamba, vinakuja.

Kisha mtoto akatazama nyuma, ndani ya nyumba, kama anayesubiri kuambiwa.

“Simjui,” akasema.

Sauti ilikuwa nzuri. Hilo ndilo alilobaki nalo Fundi kwa muda. Sauti nzuri. Ya nani? Alikuwa amepiga magoti. Kwa nini? Kuna mtoto mbele yake, wa mtu. Amevaa vizuri, aliyeshona anajua kazi. Mlango ukafungwa. Alikuwa amekuja kuchukua kitu. Kitu gani? Jua kali. Sare zinasubiri.

Akainuka, akajipangusa magoti, akarudi.

Bibi Sindano na Kinyozi walikuwa wamesimama njiani. Walimwona anakuja anatembea kama mtu aliyetoka dukani, kitambaa cha maua begani.

“Jamani, mbona mmeacha chai ipoe?” akawauliza. “Picha yenyewe ilikuwa nzuri?”

“Fundi,” Bibi Sindano akasema. “Kijino...”

“Kijino ndiyo nani?”

Akaingia ndani. Akalitazama lile gauni dogo, akaona mshono ni imara na kitambaa bado kinafaa, akachukua mkasi akalikata viraka. Bibi Sindano alishuhudia kila kipande. Hakuweza kumzuia, maana angemwambia nini?

Da' Mkanda alihama wiki hiyohiyo, hakuaga mtu. Baraza likafa. Kinyozi hatazami picha tena, hata za ngumi. Fundi yu hai, mzima, anacheka, ana wateja. Ukimwuliza kama amewahi kuzaa anakwambia hapana, Mungu hakumpa, na anakwambia bila uchungu wowote. Mimi ndiye ninayeondoka nikilia.

Ile nyumba ya Da' Mkanda, mwenye nyumba aliipaka rangi apate mpangaji. Wapangaji hawakai. Nilikwenda kuona kwa macho yangu, mchana, maana watu husema mengi. Kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha ndani kuna alama za chaki, kama zile za kumpima mtoto kimo, kila moja juu ya mwenzake. Kila mstari una kijikia upande wa kushoto. Hivyo ndivyo Fundi anavyoweka alama zake kwenye kitambaa, na sijaona fundi mwingine afanyaye hivyo. Wameipaka rangi mara kwa mara, alama zinarudi. Na zinapanda. Ya juu kabisa imeuacha mlango, iko ukutani karibu na dari, kimo ambacho hakuna binadamu anakifikia. Nilipanda kiti nikaigusa.

Chaki ilinibaki kidoleni.