Kitambaa cha Kompyuta

Ilikuwa mwezi wa Aprili mwaka wa 1998, majira ya mvua ndefu, na mjini Kakamega mvua ilinyesha kila alasiri bila kukosa saa yake. Siku moja ilimkuta Jescah Awinja katika kituo cha mabasi, amesimama kando ya masanduku manne ya kadibodi yaliyotoka Nairobi, sketi yake ya kijivu imerukiwa matope, viatu vya visigino virefu vi mkononi. Ndani ya masanduku hayo mlikuwa na kompyuta na vifaa vyake. Alikuwa ameacha kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya wakili ili ajitegemee nyumbani kwake Amalemba. Shule tatu zilikuwa zimempa mitihani yao aichape, naye aliahidi kuikabidhi Ijumaa ya wiki mbili zijazo. Akishindwa, hakuna atakayemletea kazi nyingine.

"Dada, ukingoja mvua hii iishe utalala hapa," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye sweta ya kijani iliyotiwa viraka vya ngozi viwikoni. Aliinua sanduku zito kuliko yote kabla ya kuruhusiwa.

"Ukiliangusha, kaka, utaninunulia jingine."

"Kwa mshahara wa mwalimu wa Bukura? Basi nitalibeba kama mtoto mchanga."

Jina lake Cleophas Andati, mwalimu wa chuo cha kilimo cha Bukura, na kwa bahati ndiye aliyezitunza kompyuta mbili za chuo.

Kazi iliyodhaniwa kuwa ya saa moja ilikula jioni tatu. Plagi ya printa ilikuwa na vijiti viwili vya mviringo, soketi ya ukutani ina matundu matatu ya mraba. Kitabu cha maelezo kilikuwa na kurasa mia mbili, wala hapakuwa na hata moja iliyoeleza waya wa kijivu uende wapi. Printa ilimeza karatasi nzuri ikazitema zimekunjamana. Kipanya kilikwenda kushoto kila kilipovutwa kulia.

"Umekigeuza nyuma mbele, mpenzi... samahani, dada."

"Nimelisikia la kwanza, Mwalimu."

Jioni ya tatu mashine iliwaka, ikachapa. Jescah aliandaa obusuma na ingokho, ugali kwa kuku.

"Nikulipe nini?"

Andati alitazama kitambaa cheupe cha kroshia, chenye maua ya samawati ukingoni, kilichokunjwa juu ya kochi. "Meza yangu iko uchi tangu nilipoajiriwa. Nifumie kimoja kama hicho."

"Basi nina deni lako."

Alipoondoka, Jescah alifanya kama alivyofanya kila mwanamke nadhifu wa Amalemba kwa redio na televisheni yake: aliivisha kompyuta kitambaa kile, akakishusha hadi pembeni, akaacha uso wa skrini tu. Akaketi kuchapa. Baada ya nusu saa mashine ikazimika, na kurasa mbili zikapotea.

Andati aliitwa kwa simu, akaja kwa baiskeli, amelowa. Jescah alikiondoa kitambaa, Andati akaifungua mashine, asione kasoro yoyote. Ikafanya kazi saa mbili mbele yake. Alipokwenda zake ilivikwa, ikazimika. Ikawa hivyo mara ya pili, na mara ya tatu.

"Wewe Jescah!" alisema jirani yake, Zipporah. "Mashine gani hupona fundi akija, ikaugua akienda? Huyo anailegeza mahali ili arudi kula kuku wako."

Jumatano, siku mbili kabla ya ahadi yake, Jescah alimwuliza Andati, macho yake mekundu kwa uchovu: "Unaiharibu ili urudi?"

Andati aliiweka bisibisi chini. "Kwamba ninakuja kwa ajili yako, ni kweli, wala sikuficha. Kwamba ninaiharibu kazi yako, hilo hukupaswa hata kulifikiri." Akavaa koti lake, bado limelowa, akaenda.

Alhamisi asubuhi mashine ilizimika tena. Jescah hakuwa na nguvu hata za kulia. Alilaza shavu juu ya kitambaa. Kilikuwa moto kama kilichotoka kupigwa pasi. Akakiinua, na matundu membamba yaliyokuwa chini yake yakampulizia joto usoni. Akakikunja, akakiweka kando. Mashine ilipopoa alichapa mchana kutwa bila kuifunika, nayo haikuzimika.

Ijumaa aliikabidhi mitihani, kisha akaingia katika kibanda cha simu na sarafu zake.

"Andati hapa."

"Ni kitambaa, Mwalimu. Ukienda naifunika. Ukija naifunua."

"Nami nimekagua kila skrubu, nisikuulize hata mara moja unaitumiaje nisipokuwepo."

"Nisamehe."

"Nimechoka, Jescah."

"Hata mimi. Kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Jumamosi Jescah alifika Bukura amevaa gauni la maua madogo, pindo lake limelowa. Meza ya Andati ilikuwa uchi kweli, imejaa vitabu na alama za vikombe.

"Sijapata wakati wa kufuma kingine," alisema Jescah. "Nimekuletea kilekile. Kwangu hakina kazi tena."

"Na meza hii nikiileta Amalemba, pamoja na mwenyewe?"

"Nyumba yangu imejaa nyaya."

"Nyaya nitazipanga. Unajua siogopi."

Jescah alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Kwanza nilipe deni. Mengine utakuja kuyasema mbele ya mama yangu." Akaviondoa vitabu vya Andati, akakitandaza kitambaa, akazivuta pembe zake nne zikanyooka.