Mchoro wa Tano wa Lotte

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Eunike alifungua kabati la duka lake la ushonaji pale mtaa wa Soweto, Moshi, akapiga ukelele uliomtoa jirani yake na kikombe cha chai mkononi. Jirani huyo, Beatha, alikuwa sajenti mstaafu wa polisi, na kustaafu kulimchosha kuliko kazi.

"Mchoro wa tano haupo! Ijumaa jioni niliihesabu yote. Na kesho Miriam anafika!"

Ilikuwa michoro minane ya magauni. Aliichora Lotte, mbunifu wa mavazi wa Vienna, Myahudi. Wanazi walimnyang'anya karakana, wakateketeza kazi zake, mwishowe wakamuua kambini. Hiyo minane ilipona kwa kuwa dada yake, Grete, aliikimbiza hadi Old Moshi, akawafundisha wasichana wa huko kushona, na alipokaribia kufa akamwachia mama yake Eunike aitunze. Miriam ni mjukuu wa Grete, na alikuwa anakuja kuichukua.

Beatha alikagua. Kufuli zima. Michoro saba imelala sawasawa. Penye pengo, kipande cha uzi wa bandi, ule wa kushikiza nguo kabla haijashonwa.

"Wako huu?"

"Mimi hushikiza kwa pini. Bandi ya mkono wamebaki nayo wazee. Kamata Tito muuza fulana! Wiki iliyopita alitaka kuichapa kwenye fulana zake."

Saa tatu Tito alihojiwa. "Afande, toka Ijumaa mchana niko Kahe harusini. Nimerudi leo. Nimecheza mpaka soli imeachia!" Alionyesha picha za simu, kisha kiatu chenyewe.

"Nakuamini," Beatha alisema. "Wewe ungebeba yote minane. Aliyechukua mmoja hakutaka kuuza. Eunike, nani mwingine ana ufunguo?"

"Shangazi Elisifa tu. Lakini ana miaka themanini na minne!"

Saa sita walikuwa Old Moshi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mtakula mtori?"

"Tutakula," Beatha alisema. "Ila mwisho wa juma, duka likiwa limefungwa, ulifuata nini kabatini? Umeangusha uzi wa bandi."

Bibi alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akafungua mlango wa chumbani. Gauni la kijani lilining'inia, limeshikwa kwa bandi tupu, mikono bado. Mchoro ulikuwa kitandani, umefunikwa kwa kitambaa safi.

"Grete alinifundisha sindano nikiwa na miaka kumi na miwili. Kila mwaka alisema atalishona hili, akaishia kulia. Sasa michoro inaondoka, na macho yangu nayo yanaondoka. Nikasema, gauni moja la Lotte litoke kwenye karatasi."

"Si ungeniomba?" Eunike alifoka.

"Ungenipa?"

Eunike alifikiri. "Nisingekupa."

Akavuta kigoda, akachukua mkono wa kushoto wa gauni, akaanza kushona. Beatha, asiyejua hata kutia kishikizo, alipewa kazi ya kupasha pasi.

Kesho yake, saa nne, Miriam alilivaa dukani. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akilia na kucheka, huku Elisifa akimzunguka na pini mdomoni. Hatimaye aliiangalia michoro iliyobaki mezani, akauliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwenye simu:

"Shangazi, la sita tunaanza lini?"