Ziwa la Uani kwa Thobias

Maji aliyoyamwaga Thobias katika shimo la uani Jumapili jioni yalikuwa bado yapo Jumatatu saa saba mchana, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye akili zake. Ulikuwa mwezi wa Septemba, mwaka 1954, na kijiji kizima cha Didia, huko Shinyanga, kilikuwa kimekauka hata ng'ombe wakawa wanalamba matope ya lambo. Ukimwaga debe la maji pale, kabla hujageuka udongo umeshalinywa. Thobias alicheka tu. "Udongo wangu nimeushindilia vizuri," alimwambia mkewe. Miaka tisa alikuwa akisimamia pampu katika mgodi wa dhahabu huko Geita, na kile kibati cha shaba chenye namba yake, 316, hakukivua shingoni hata akiwa likizo. Mtu wa namna hiyo humwambii kitu juu ya maji.

Shimo lenyewe alilichimba kwa mapenzi. Mwaka huo alipewa likizo ya mwezi mzima, akaapa kuizungusha familia yake Ziwa Nyanza lote: treni kutoka Shinyanga mpaka Mwanza, kisha meli, waione Bukoba, Entebbe ya Uganda, Kisumu ya Kenya, Musoma, ndipo warudi Mwanza. Shida ilikuwa mama yake, bibi Mbuke, ambaye tangu azaliwe hakuwa ameona maji makubwa kuliko lambo la kunyweshea mifugo.

"Nikipanda hicho chombo chako nitashukia wapi?" aliuliza bibi. "Huko nani ananijua?"

Basi Thobias akachukua jembe, akachimba uani ziwa dogo, upana wa nyungo mbili, kina cha shibiri moja, akalipa umbo la ramani aliyoizoea pale ofisini mgodini. Kwenye kila bandari akasimamisha kibanda cha nyasi, vibanda vitano. Meli ikawa kopo tupu la samaki, akaliegesha Mwanza. Abiria wakawa punje: kunde nyeusi ndiye bibi, punje ya hindi ndiye yeye, haragwe jekundu ndiye mkewe Melania, na choroko, ndogo kuliko zote, ndiye binti yao Limi wa miaka minane. Mtoto alipiga makofi. Bibi hakupiga.

Kando ya mlango wa bibi kulikuwa na kibanda kama hivyo, alichomjengea marehemu mumewe ili mzimu wake upate pa kukaa. Ndivyo wafanyavyo Wasukuma, na hakuna anayejenga kibanda kidogo uani bila kumtaja kwa jina atakayekaa ndani.

"Thobi, hivi umemjengea nani?"

"Wasafiri, mayu," alimjibu mama yake.

"Wasafiri gani? Hukutaja jina?"

"Mayu naye! Ni mchezo wa mtoto huu." Thobias alisoma misheni, na mambo ya vibanda aliyaona ya kizamani. Mama yake akaenda kupepeta mtama wake.

Jumanne asubuhi meli ilikuwa Bukoba.

Hakuna aliyeisogeza. Limi aliapa hakuigusa, na upepo haukuwapo hata wa kutikisa unyoya. Ndani ya kopo mlikuwa na abiria watatu tu, kunde haikuwamo. Nyumba ikaanza kunuka samaki mbichi, ile harufu ya sato aliyetolewa majini sasa hivi, katika kijiji ambacho samaki huletwa wakiwa wamekauka kama kuni. Melania akafagia, akamwaga majivu, akachoma majani. Harufu ikazidi.

Saa saba, jua likiwa utosini, bibi Mbuke alikohoa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani. Akakohoa tena, akashika kifua, na yaliyomtoka hayakuwa makohozi wala damu bali maji, maji baridi, yakimwagika mdomoni na puani mfululizo, na katikati ya mtama wake akadondoka dagaa mmoja mdogo, mzima, akirukaruka kwenye ungo. Melania alipofika kumshika, mama mkwe alikuwa ameshakufa. Alikufa maji, mtu aliyekaa kigodani katikati ya ukame.

Walimzika Jumatano. Waliporudi kutoka makaburini meli ilikuwa katikati ya safari ya Entebbe.

Hapo Thobias akaacha kucheka. Akajifungia uani, akachukua debe. "Maji nayafahamu mimi," alisema, akachota na kumwaga, akachota na kumwaga, madebe mia na zaidi, mpaka ua mzima ukawa tope na maji yakavuka kizingiti yakaenda njiani, na lile ziwa halikupungua hata unene wa ukucha. Akataka kuinyanyua meli. Lile kopo tupu lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Akaingiza mkono alinyanyue kwa chini, na mkono ukazama hadi kiwiko, ukazama hadi begani, shavu lake likalala juu ya maji, asiguse tope wala mwamba, katika shimo alilolichimba mwenyewe kwa kina cha shibiri moja. Na huko chini, mkono mwingine ukaushika wake kwa upole, kama mwenyeji anayempokea mgeni.

Alipofanikiwa kujinasua alikuwa analia kama mtoto. "Mama Limi," alinong'ona, "kuna mtu."

Alhamisi alfajiri walimwendea mfumu Nyamizi, mganga, mama wa makamo mwenye maneno machache. Alikuja nao, lakini alipofika kwenye ua akasimama nje.

"Shikamoo, mama," alisema Thobias.

"Marahaba. Sema polepole, anatusikia." Aliangalia vibanda kimoja kimoja. "Mzimu tunauita kwa jina, tunaujengea, unakuja kukaa. Wewe umejenga nyumba tano, milango wazi, hukuita jina la mtu. Ulidhani atakuja nani? Huyu si wa ukoo wako. Hili ni jini la ziwani. Limekuta nyumba tayari, na chakula limewekewa kwenye kopo."

"Nilifukie shimo, mama. Nilifukie sasa hivi."

"Abiria wamo, unataka kufukia? Utakuwa umewafukia wao."

Melania akafungua kinywa kuuliza kitu, na papo hapo akasikia nyuma yake kikohozi kidogo. Limi alikuwa amesimama mlangoni, mikono shingoni, macho yamemtoka, na maji yanamchuruzika kidevuni. Wote wakageuka kutazama ziwa. Meli ilikuwa imetia nanga Entebbe, na ile choroko ilikuwa nje, ndani ya maji, inazama taratibu.

"Ni ndogo, ndiyo maana haina haraka," alisema Nyamizi. "Ikigusa chini, basi."

"Nani anaweza kuitoa?" alilia Melania. "Mama, nakuomba, nani?"

Mfumu hakumtazama Melania. Alimtazama Thobias. "Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Maji yalikuwa yamezidi unga, na Thobias hakuwa na mtoto mwingine. "Mshike kichwa kiinamie chini, maji yatoke," alimwambia mkewe, kama anavyowaambia watu wake mgodini, kisha akatia mguu. Ukaingia hadi gotini, na wa pili ukaufuata, na Melania, akiwa amempakata mtoto aliyeanza kuwa wa bluu midomoni, akamwona mumewe, mtu mzima mrefu, akishuka katika kidimbwi ambacho kuku angekivuka bila kulowa tumbo, akishuka hadi kiunoni, hadi kifuani, akisema kwa sauti ndogo, "Baridi, Mama Limi, baridi kama shimoni," halafu shingo, halafu kile kibati cha shaba kikameta mara moja chini ya maji na kichwa kikafuata, na juu pakabaki pametulia, jua tupu likiwaka.

Mkono ukatoka. Vidole viwili vilikuwa vimebana choroko.

Melania akainyakua, akampa mfumu, mfumu akaitia mdomoni mwa mtoto. Kisha Melania akarudi kuushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akavuta, na kitu kikavuta kutoka chini, akateleza kwenye tope hadi nywele zake zikagusa maji.

"Mwachie!" alipiga kelele Nyamizi. "Ukiingia na wewe, mtoto atabaki na nani?"

Melania akamwachia. Watu walimwambia baadaye kwamba hakuwa na njia nyingine, na yeye alijua hakuwa na njia nyingine, na hilo halikumsaidia kitu.

Limi alivuta pumzi. Kufikia alasiri ziwa lilikuwa limekauka na udongo wake umepasuka. Wanaume wa jirani walichimba mpaka wakafika kwenye mwamba, hawakupata hata kifungo cha shati. Nyamizi akavibomoa vibanda vyote vitano, akavichoma, akasema jini limeondoka.

Siku kumi na moja baadaye barua ilifika kutoka mgodini. Wavuvi wa Kisumu walikuwa wamenasa maiti ya mwanamume kwenye nyavu, na shingoni mwake mlikuwa na kibati namba 316. Ofisi ilitaka kujua marehemu alisafiri kwa meli ipi, maana jina lake halikuonekana katika orodha ya abiria. Melania aliulizwa kama angependa kwenda kulizuru kaburi. Alikataa. Ndugu wa mume walimsema sana kwa hilo.

Kopo la samaki alikuwa amelichukua siku ile ile ziwa lilipokauka. Ndani mlikuwa mmebaki abiria mmoja, haragwe jekundu, yaani yeye mwenyewe. Hakuthubutu kulitupa, wala kulipanda, wala kulipika. Akalitia pamoja na kopo lake katika chungu kilichojaa majivu makavu, akakifunika, akakipandisha darini. Kila Septemba alipanda kulitazama, na kila mara alilikuta kavu, gumu, linagonga kwenye bati.

Mwaka wa tatu alipanda mchana, Limi akicheza nje. Majivu yalikuwa makavu. Kopo lilikuwa kavu. Haragwe lilikuwa limevimba, ganda limepasuka, kama haragwe lililolowekwa usiku kucha. Melania alikaa pale darini akilishika kiganjani, na pua yake ikapokea harufu ya sato mbichi.

"Mama," Limi aliita kutoka uani, "nani amemwaga maji hapa?"