Hodi ya Tatu

Alhamisi hiyo Jaafar alitumwa kupeleka abaya tatu kwa mteja wa mtaa wa Al Mankhool, Dubai, na magharibi ilipoadhiniwa alikuwa ameshamaliza kazi. Alisali, akashika njia ya mkahawa wa Madam Lan, Mvietinamu anayepika supu ya tambi. Njaa hakuwa nayo. Alikwenda kwa sababu Alhamisi ilikuwa siku ya Mishi.

Mishi, mkewe, alikuwa yaya kwenye jumba moja la Mirdif, na ruhusa yake ilikuwa Alhamisi jioni tu. Kila ruhusa walikaa meza ile ile ya dirishani, wakinywa supu inayonukia mdalasini, mpaka Madam Lan akawajua kwa majina. Kisha homa ya siku nne ikamchukua Mishi. Wakamzika huku huku Dubai, mchangani, mbali na kwao Likoni.

Jaafar hakuacha kuja. Aliagiza mabakuli mawili kama zamani, na kabla ya kuonja aligeukia kiti kitupu, kwani mama yake alimlea asile kabla ya kukaribisha.

"Karibu, Mishi."

Miezi mitano sasa.

Leo Madam Lan alileta bakuli moja tu. Akainama sikioni mwake.

"Jaafar, kwetu marehemu tunamwita kula mara moja kwa mwaka, kisha tunamuaga. Wewe unamwita kila wiki, na humuagi."

"Ni mazoea tu, madam."

"Kila ukiondoka, mimi ndiye ninayefuta kile kiti." Akafungua kiganja. Mchanga. "Anakuja kwa miguu. Mwache apumzike."

Jaafar alitaka kucheka, akaacha. Alikuwa anajua. Tangu mwezi wa pili aliona bakuli la pili likipoa mara tu anapokaribisha, akanyamaza, maana kumpata Mishi nusu kulimfaa kuliko kumkosa kabisa. Hakuwahi kujiuliza kama mwenzake anachoka.

Alishika kijiko. Hakusema karibu.

Harufu ya mdalasini ikapotea. Ikaja nyingine... kafuri. Ile ile waliyomtia Mishi kabla ya sanda.

Nje ya mlango wa kioo, mtu alisimama.

"Hodi."

Sauti yake. Mishi hakuwahi kuingia popote bila kukaribishwa, hata chumbani kwa dada yake. Jaafar aliuma ulimi, machozi yakimdondokea ndani ya supu.

"Hodi..."

Safari hii ilitoka taratibu, kama ya mtu aliyetembea mwendo mrefu. Madam Lan akamkamata mkono. Hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni hurudi alikotoka, na Mishi alikuwa mtu wa adabu. Jaafar alitakiwa kunyamaza mara moja tu zaidi.

Akasubiri.

Supu ikapoa. Kafuri ikafifia. Alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Hodi ya tatu haikuja.

Hata sasa haijaja. Kila Alhamisi Jaafar huketi pale pale na bakuli lake moja, mgongo kaupa mlango, akiwasikiliza wanaoingia. Hajui kama Mishi amelala au ameiweka akiba hodi yake. Madam Lan humkumbusha anyamaze, naye hutikisa kichwa kukubali.

Lakini anajijua. Ikija, ataitikia.