Tundu Alilolifuta Anwar

Nipeni masikio, jamaa zangu wa Likoni, na aliye na simu mkononi aiweke kando. Nyumbani kwa Anwar, huko Timbwani, asubuhi ile palikuwa pametulia. Mahamri yametoka mafutani, na Bi Mwanarehema, mamake Anwar, anajicheka kwa kumimina chai nje ya kikombe. Tangu pikipiki imgonge usoni, kitu kimoja alikiona viwili. Salha, mkewe Anwar, akapangusa meza huku akimwomba Mungu upasuaji wa mama mkwe wiki ile ufaulu.

Anwar kazi yake aliifanyia nyumbani, kwa kompyuta. Hospitali ilimtumia picha za mifupa zilizopigwa tabaka kwa tabaka, kama mkate uliokatwa, na kompyuta ikaziunganisha kuwa umbo zima. Lakini kompyuta nayo hukosea. Palipo na mfupa mwembamba huacha tundu lisilokuwapo, na mifupa miwili iliyokaribiana huiunga kwa kijidaraja cha uongo. Mtu ndiye anayerudi kwenye picha, tundu kwa tundu, aamue lipi ni la kweli na lipi la kuziba. Daktari naye hukunja kibati cha kutia mwilini kwa kufuata umbo hilo.

Kazi hiyo yataka subira, na subira Anwar hakuumbiwa. Saa kumi haijafika, roho ishakwenda barazani kutafuna majani ya muguka. Siku hiyo ikaja picha ya fuvu. Akabofya "ziba yote", akainuka.

"Umeyatazama matundu moja moja?" Salha akauliza.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Anwar akajibu akicheka.

"Bwana, huo si ukuta. Ni uso wa mtu."

"Wallahi Salha wanichosha. Picha zaja na nambari tu, mwenyewe simjui."

Aliyechoka hasa ni Salha. Kumwambia Anwar ni kumpigia mbuzi gitaa, na gitaa lenyewe alishalipiga miaka.

Basi mwenye nambari alikuwa Bi Mwanarehema. Tundu la kweli chini ya jicho lake, lililotobolewa na ajali, mwanawe alilifuta. Daktari alipopasua alikuta shimo ambalo umbo halikulionyesha, na kibati alichokitayarisha hakikukaa. Ikabidi ashone, angoje siku nyingine. Akampigia Anwar simu, akamtajia nambari ile na jina la mwenyewe. Mama wa watu amepasuliwa bure. Jamaa zangu wa Likoni, hasira hizi nizipeleke wapi?

Anwar akaenda kusimama kando ya kitanda, Salha nyuma yake.

"Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba." Bi Mwanarehema akamkazia macho. "Nawaona Anwar wawili, mwanangu, na hata mmoja hanifai."

Anwar akageuka kumtazama mkewe. Salha akampita, akaenda kumwekea mama mto vizuri.

FUNZO

Usiifanye kazi ovyo kwa kuwa humjui itakayemfikia. Kila nambari ina mwenyewe, na mwenyewe ana watu wake. Mashine ikikosea, jicho la mtu ndilo la kuirekebisha. Ukilifumba jicho hilo, umeongeza kosa lako juu ya lake, na atakayelilipa kwa mwili wake si wewe. Kaa, utazame, umalize. Baraza halikimbii.